Ukataji wa lupu

Ukataji wa lupu ni kazi ya kugawanya mdundo uliorekodiwa katika vipande vifupi kwa kutumia programu ya muziki, kwa kawaida kipande kimoja kwa kila pigo la ngoma, ili vipande hivyo viweze kuchezwa kwa mwendo mwingine au kupangwa upya bila kubadilisha sauti yake. Lupu ni sehemu fupi ya sauti iliyorekodiwa ambayo ikifika mwisho huanza tena mara moja, hivyo msikilizaji husikia mdundo usiokatika. Neno hili limetokana na Kiingereza na maana yake ni kitanzi.

Kazi hii ni msingi wa aina nyingi za muziki wa kisasa, hasa hip hop, house na drum and bass, na hutumika pia katika muziki wa filamu na wa matangazo. Vifaa vyake ni vichache: kompyuta, programu na visikilizio vya masikioni. Hata hivyo inahitaji sikio makini, kwa sababu kosa la elfu chache za sekunde husikika. Inagusa pia suala la haki, kwani kila pigo linalokatwa lilipigwa na mtu, na baadhi ya wapigaji ambao midundo yao ilienea dunia nzima hawakulipwa chochote kwa matumizi hayo.

## Maneno ya msingi

* Pigo: hesabu moja ya mdundo, ile ambayo mtu huifuata kwa kupiga makofi au kugonga mguu.
* Mwendo: kasi ya muziki, inayopimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika.
* Kipimo: kundi la mapigo linalojirudia, mara nyingi mapigo 4. Lupu nyingi huwa na vipimo 1, 2 au 4.
* Kidatu: jinsi sauti inavyosikika kuwa ya juu (nyembamba) au ya chini (nene).
* Nusutoni: hatua ndogo kabisa kati ya vibao viwili vya kinanda vinavyofuatana. Vidatu 12 vya namna hiyo hukamilisha oktava.
* Mshindo: sehemu ya kwanza ya pigo la ngoma, pale fimbo au kiganja kinapogusa ngozi. Hudumu kwa muda mfupi sana lakini huwa na nguvu kubwa.
* Mkia: sauti inayobaki ikififia baada ya mshindo.
* Sampuli: neno hili lina maana mbili. Katika studio ni kipande cha sauti kilichochukuliwa kutoka rekodi. Katika elimu ya sauti ya kidijiti ni kipimo kimoja cha nguvu ya wimbi kwa wakati fulani; CD, kwa mfano, hutumia sampuli 44,100 kwa kila sekunde.

## Tatizo la mwendo na kidatu

Sauti iliyorekodiwa ina mwendo wake. Mtayarishaji akitaka kuiweka katika wimbo wenye mwendo tofauti, njia rahisi ni kuicheza haraka zaidi au polepole zaidi. Njia hiyo hubadilisha mambo mawili kwa pamoja: mwendo na kidatu. Rekodi ikiharakishwa, mawimbi yake hupita kwa kasi zaidi na sauti hupanda. Ikipunguzwa kasi, sauti hushuka na kuwa nzito. Aliyewahi kucheza sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya mizunguko 45 anajua matokeo yake.

Kwa mfano, lupu ya mapigo 100 kwa dakika ikiharakishwa hadi mapigo 125, kasi yake inakuwa imezidishwa mara 1.25. Kidatu hupanda kwa karibu nusutoni 4. Dramu kubwa ya mguu hupoteza uzito wake, na kama ndani ya lupu kuna gitaa au sauti ya mtu, itaachana na ufunguo wa wimbo.

Ukataji hutatua tatizo hili kwa wazo jepesi. Mpiga ngoma akiombwa kupiga haraka zaidi, hazibadilishi ngoma zake kuwa ndogo. Anapunguza tu nafasi kati ya pigo na pigo. Lupu iliyokatwa hufanya vivyo hivyo: kila pigo linabaki na kidatu na mshindo wake wa awali, na kinachobadilika ni wakati wa kuanza kwa kila kipande.

## Historia

### Utepe na santuri

Mwaka 1948 mjini Paris, Pierre Schaeffer alitunga kazi za sauti kwa kutumia sahani zenye mfereo uliofungwa, ambapo sindano ilizunguka mahali pamoja na kurudia sauti ileile. Baadaye utepe wa sumaku uliwezesha kukata sauti kwa wembe na kuunganisha ncha mbili za utepe kuwa kitanzi halisi. Hapo ndipo jina la lupu lilipopata maana yake. Steve Reich alitumia vitanzi vya utepe katika "It's Gonna Rain" (1965), na The Beatles katika "Tomorrow Never Knows" (1966).

Mfano maarufu wa lupu ya dramu ni wimbo "Stayin' Alive" wa Bee Gees wa mwaka 1977. Mpiga dramu wao hakuwapo studio kwa sababu za kifamilia, hivyo mafundi walichukua vipimo viwili kutoka rekodi ya "Night Fever", wakaviunganisha kuwa kitanzi cha utepe na kukitumia katika wimbo wote.

Huko Bronx, New York, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alianza kurefusha sehemu za nyimbo ambapo dramu hubaki peke yake. Alitumia nakala mbili za santuri moja: nakala ya kwanza ikimaliza sehemu hiyo, ya pili huianza upya. Sherehe aliyopigia muziki tarehe 11 Agosti 1973 huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa hip hop.

### Sampla

Sampla ni mashine inayohifadhi sauti katika kumbukumbu ya kidijiti na kuicheza mtu anapobonyeza kitufe. Fairlight CMI kutoka Australia (1979) ilikuwa miongoni mwa za kwanza, lakini bei yake iliwazuia wanamuziki wa kawaida. Hali ilibadilika kwa E-mu SP-1200 (1987) na Akai MPC60 (1988), iliyobuniwa pamoja na Roger Linn.

Kumbukumbu ya SP-1200 ilitosha takriban sekunde 10 tu za sauti. Watayarishaji walizoea kuirekodia santuri ya mizunguko 33 ikichezwa kwa 45, kisha kuishusha ndani ya mashine ili kubana nafasi. Uhaba huo pia uliwafanya wachukue pigo mojamoja badala ya lupu nzima. Marley Marl wa Queens, New York, hutajwa mara nyingi kama mmoja wa waanzilishi wa mtindo huo wa kuchukua dramu kutoka rekodi na kuzipiga upya kwa mpangilio mwingine.

### Programu za kompyuta

Katika sampla, kila kipande kilikatwa kwa mkono kwenye kioo kidogo chenye tarakimu. Mwaka 1994 kampuni ya Propellerhead Software ya Stockholm, Uswidi, ilitoa programu iitwayo ReCycle. Programu hii ilionyesha mchoro wa mawimbi ya lupu nzima, ikatafuta mishindo, ikaweka alama za kukata, kisha ikapeleka vipande kwenye sampla pamoja na faili la MIDI la kuvicheza kwa mpangilio wake. Baadaye faili za aina ya REX ziliweka sauti na alama za kukata mahali pamoja, na programu nyingi za makampuni mengine zikaweza kuzisoma. Propellerhead ilitoa programu ya Reason mwaka 2000, na mwaka 2019 kampuni ikabadili jina kuwa Reason Studios.

Sonic Foundry ya Marekani ilitoa ACID mwaka 1998, na Ableton ya Berlin ikatoa Live mwaka 2001. Zote mbili zilifanya lupu ifuate mwendo wa wimbo papo hapo. Leo ukataji umo ndani ya karibu kila programu kubwa ya kutengeneza muziki.

## Kuandaa lupu

Makosa mengi yanayoonekana kuwa ya ukataji hutokana na maandalizi mabovu.

### Aina ya faili

Lupu hurekodiwa na kuhifadhiwa katika faili lisilobanwa, kama WAV au AIFF, kwa biti 16 au 24. Faili la MP3 halifai kwa kazi hii. Licha ya kupoteza sehemu ya sauti, ubanaji huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili, na ukimya huo husikika kama kikwazo kila lupu inapozunguka.

Wakati wa kurekodi, sauti isifikie kilele cha juu kabisa. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haiwezi kurudishwa, ilhali iliyorekodiwa kwa nguvu ya wastani inaweza kuongezwa baadaye.

### Mwanzo na mwisho

Lupu huanza kwenye mshindo wa pigo la kwanza kabisa. Mwisho wake si pale mkia wa pigo la mwisho unapofifia, bali ni pale ambapo pigo la kwanza la kipimo kinachofuata lingeanza. Wanaoanza kazi hii hukosea sana hapa: huondoa ukimya wa mwisho wakidhani hauna kazi, kumbe nao ni sehemu ya hesabu.

Iwapo mpigaji amerekodi mzunguko uleule mara kadhaa, ni vyema kuchukua wa pili au wa tatu badala ya wa kwanza. Katika mzunguko wa kwanza, pigo la kwanza halina mkia wowote unaotoka nyuma yake, kwa hiyo lupu ikirudi mwanzo mkia wa pigo la mwisho hukatika ghafla. Katika mzunguko wa pili, mkia huo umo tayari.

### Kukokotoa mwendo

Mwendo wa lupu hupatikana kwa hesabu hii:

Mwendo = idadi ya mapigo × 60 ÷ urefu wa lupu kwa sekunde

Tuseme lupu ina vipimo 2 vya mapigo 4, yaani mapigo 8, na urefu wake ni sekunde 4.8. Mapigo 8 × 60 ni 480. Gawanya kwa 4.8, jibu ni mapigo 100 kwa dakika. Jibu likiwa namba isiyotarajiwa, kwa mfano 97.3 wakati mpigaji alifuata metronomu ya 100, mwanzo au mwisho umewekwa vibaya.

Usahihi ni muhimu kwa sababu kosa hujilimbikiza. Lupu hiyo ya sekunde 4.8 ikizidi kwa sekunde 0.01 tu, baada ya kuzunguka mara 32, yaani kama dakika mbili na nusu, itakuwa imechelewa kwa sekunde 0.32. Hapo dramu na besi haziendi pamoja tena.

### Kusafisha

Mngurumo wa chini unaotokana na upepo, magari au jenereta huondolewa kwa kichujio. Wimbi ambalo halikukaa sawa juu ya mstari wa sifuri husahihishwa, kwani likikatwa hutoa mlio wa "tik". Mwangwi mwingi haufai kuongezwa kabla ya kukata, kwa kuwa utakatwa pamoja na vipande. Ni bora uongezwe mwishoni.

## Kukata

### Njia za kukata

Kufuata mishindo. Programu hutafuta mahali ambapo nguvu ya sauti inapanda ghafla na kuweka alama hapo. Mtumiaji huchagua wepesi wa kuhisi. Ukiwa mdogo, mapigo mepesi hukosa alama na kufungwa ndani ya kipande cha pigo zito. Ukiwa mkubwa, hata mtetemo wa mkia hupewa alama na pigo moja huvunjika vipande viwili au vitatu. Utaratibu mzuri ni kuanza na wepesi mdogo, kuupandisha hadi mapigo yote muhimu yapate alama, kisha kufuta zilizozidi kwa mkono.

Kufuata gridi. Lupu hugawanywa katika sehemu sawa, kwa mfano 16 kwa kila kipimo. Njia hii ni ya haraka na inafaa kwa dramu za mashine, ambazo hupiga kwa hesabu kamili. Kwa mpigaji binadamu ina kasoro: pigo lililokuja mapema kidogo mshindo wake hubaki mwishoni mwa kipande kilichotangulia, na kipande chake chenyewe huanza bila mshindo.

Kufuata sikio. Mtayarishaji husikiliza na kuweka alama mwenyewe. Huchukua muda, lakini ndiyo njia inayofaa kwa ngoma nyingi zinazopigwa kwa pamoja, ambapo mshindo wa moja hujificha nyuma ya nyingine.

### Mahali pa kuweka alama

Alama huwekwa mwanzoni mwa mshindo au mbele yake kidogo sana. Ikichelewa, mshindo hukatwa na pigo huwa butu, kama fimbo iliyofungwa kitambaa. Ikiwahi mno, kipande huanza na mkia wa pigo lililopita, na pigo lenyewe husikika limechelewa.

Pia alama inafaa iwe pale ambapo mstari wa wimbi unavuka sifuri. Wimbi likikatwa likiwa juu, spika hulazimika kuruka ghafla kutoka nguvu fulani hadi sifuri, na mruko huo ndio mlio wa "tik". Programu nyingi huweza kusogeza alama hadi sifuri iliyo karibu. Mahali pasipowezekana, kufifisha mwisho wa kipande kwa muda wa elfu 2 hadi 5 za sekunde huondoa mlio huo.

### Kukagua

Ukaguzi hufanywa kwa hatua tatu. Kwanza, kila kipande husikilizwa peke yake: kianze kwa mshindo safi na kisiwe na pigo jingine lililojificha. Pili, vipande vyote huchezwa kwa mwendo wa awali. Matokeo yasitofautiane na lupu ya kwanza. Tatu, mwendo huongezwa na kupunguzwa, kwa sababu kasoro nyingi hazionekani mpaka vipande visogeleane au viachane.

## Kutumia vipande

Baada ya kukata, kila kipande hupewa kibao chake kwenye kinanda cha MIDI, kuanzia cha chini kwenda juu. Pamoja navyo hutengenezwa mfuatano wa noti unaocheza vipande kwa mpangilio na nafasi zake za awali. MIDI yenyewe haina sauti. Ni maagizo tu ya kibao gani kibonyezwe, lini na kwa nguvu gani. Mwendo wa wimbo ukibadilika, maagizo husogea na vipande huyafuata.

Mfano wa lupu ya mapigo 100 unaonyesha kinachotokea. Ikikatwa vipande 16 kwa kipimo, kila kipande kina urefu wa sekunde 0.15, sawa na sampuli 6,615 za CD.

* Kwa mwendo wa 125, nafasi ya kila kipande ni sekunde 0.12. Vipande ni virefu kuliko nafasi, hivyo kila kipande hukatishwa na kinachofuata. Mikia inakuwa mifupi na mdundo unasikika mkavu zaidi, lakini mishindo imebaki kamili.
* Kwa mwendo wa 80, nafasi ni sekunde 0.1875. Kila kipande huisha mapema na kuacha mwanya wa sekunde 0.0375. Katika dramu zenye matoazi yanayovuma, mianya hiyo husikika kama sauti inayozimwa na kuwashwa.

Mianya ndiyo sababu ya kanuni inayojulikana katika studio: lupu iliyokatwa huvumilia kuharakishwa kuliko kucheleweshwa. Baadhi ya programu huziba mwanya kwa kurudiarudia sehemu ya mwisho ya kipande huku zikiififisha, ili mkia uonekane umerefuka. Mtayarishaji anayejua mapema kuwa wimbo utakuwa wa polepole hufanya vizuri akirekodi au kuchagua lupu ya polepole tangu mwanzo.

Vipande pia huweza kupangwa upya. Pigo linaweza kuondolewa, kurudiwa, kugeuzwa nyuma mbele au kushushwa kidatu peke yake. Muziki wa jungle na drum and bass uliostawi Uingereza miaka ya 1990 ulijengwa juu ya ufundi huu: lupu moja ya dramu ilivunjwa na kupangwa upya katika kila kipimo.

Matumizi mengine ni kuchukua mwendo wa mpigaji bila kuchukua sauti yake. Alama za kukata zinaonyesha ni pigo gani liliwahi na lipi lilichelewa. Nafasi hizo zikihamishiwa kwenye dramu nyingine, dramu hizo hupata mwondoko wa binadamu. Kinyume chake, vipande vyote vikisukumwa kwenye gridi kamili, mdundo hunyooka lakini mara nyingi hupoteza ladha iliyoufanya uchaguliwe.

## Kukata na kunyoosha

Njia nyingine ya kubadili mwendo bila kidatu ni kunyoosha sauti. Hapa programu haitafuti mapigo. Inachambua sauti yote katika sehemu ndogondogo, kisha inaziongeza au kuzipunguza. Msingi mmojawapo wa njia hii ulielezwa mwaka 1966 na J. L. Flanagan na R. M. Golden wa Bell Laboratories.

Kunyoosha kunafaa kwa sauti inayoendelea: mwimbaji, fidla, zumari, kinanda cha kupepea. Udhaifu wake uko kwenye mishindo, ambayo huweza kulainika au kusikika maradufu. Kukata kunafaa kwa dramu, ngoma, kayamba na gitaa la kukwanyua, lakini hakufai kwa sauti isiyo na mishindo, kwani hakuna mahali pa kukata bila kuacha jeraha. Watayarishaji wengi hutumia njia zote mbili katika wimbo mmoja.

## Midundo ya Afrika Mashariki

Programu nyingi huanza na gridi ya sehemu 16 kwa kipimo, inayofaa mdundo wa mapigo 4 yanayogawanywa nnenne. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki huhesabiwa tatutatu, chakacha ya pwani ikiwa mfano mmoja. Lupu ya ngoma hiyo ikikatwa kwa gridi ya 16, alama nyingi huangukia katikati ya mapigo. Gridi inabidi iwe ya sehemu 12 au 6, au ukataji ufuate mishindo.

Singeli, muziki uliozaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam, unaonyesha njia iliyo kinyume. Watayarishaji wake huchukua vipande vya taarabu na muziki mwingine na kuviharakisha hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi, wakiacha kidatu kipande pamoja na mwendo. Sauti nyembamba inayotokea, ambayo kwingineko huhesabiwa kuwa kasoro, imekuwa alama ya muziki huo.

## Programu zinazotumika

* Audacity: programu huria isiyolipiwa, iliyotolewa mwaka 2000. Inafaa kwa wanafunzi. Huweza kusogeza uteuzi hadi kwenye sifuri kwa kibonye cha Z, kuweka lebo kwenye vipande na kuvihifadhi vyote kwa mara moja kama mafaili tofauti.
* FL Studio: ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, zamani ikiitwa FruityLoops. Imeenea sana katika studio za Afrika Mashariki. Ina chombo maalumu cha kukata lupu.
* Ableton Live: huweza kugeuza lupu kuwa vipande vilivyopangwa kwenye vibao vya MIDI kwa amri moja.
* Reason: ina chombo cha kucheza mafaili ya REX.

## Haki za wapigaji na hakimiliki

Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Marekani lilitoa santuri "Color Him Father". Upande wa pili ulikuwa na "Amen, Brother", wimbo usio na maneno, ambamo mpiga dramu Gregory Coleman anapiga peke yake vipimo 4, kwa muda wa sekunde 7 hivi. Kuanzia miaka ya 1980 vipimo hivyo vilichukuliwa na kukatwa katika maelfu ya nyimbo za hip hop na jungle, na huhesabiwa miongoni mwa sampuli zilizotumika zaidi duniani. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata mrabaha wowote kwa matumizi hayo. Mwaka 2015 mashabiki walichangisha pauni 24,000 kwa ajili ya Richard Spencer, kiongozi wa kundi hilo. Huo ulikuwa mchango wa hiari, si malipo ya kisheria.

Hali ya Clyde Stubblefield ilifanana na hiyo. Dramu alizopiga katika "Funky Drummer" ya James Brown, iliyotolewa mwaka 1970, zilitumika katika nyimbo nyingi mno, lakini yeye hakuandikwa kuwa mtunzi, hivyo hakuwa na fungu katika mapato ya utunzi. Alifariki mwaka 2017.

Katika kisheria, rekodi huwa na haki mbili tofauti: haki ya utunzi na haki ya rekodi yenyewe. Anayechukua lupu kutoka wimbo wa mwingine hugusa haki ya rekodi hata kama amechukua dramu tu. Mahakama zimetofautiana kuhusu vipande vifupi sana:

* Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani katika kesi ya Bridgeport Music dhidi ya Dimension Films iliamua kuwa hata sekunde 2 za gitaa zilihitaji kibali.
* Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ya nchi hiyohiyo, katika kesi iliyohusu wimbo "Vogue" wa Madonna, iliamua kuwa mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23 ulikuwa mdogo mno kuhesabiwa kuwa ukiukaji.
* Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya sekunde 2 za Kraftwerk, ilisema kibali kinahitajika isipokuwa sampuli imebadilishwa hata sikio lisiweze kuitambua.

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina COSOZA, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 chini ya KECOBO. Hakishiriki ndizo zinazomhusu mpigaji na mtengenezaji wa rekodi, hata kama hawakutunga wimbo. Sheria ya Tanzania inagusa pia sanaa za jadi, jambo linalofaa kukumbukwa na anayerekodi ngoma kijijini kwa nia ya kuziuza kama lupu.

Njia salama ni tatu: kurekodi mpigaji kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja malipo na matumizi, kununua lupu zenye leseni inayoruhusu kazi za biashara, au kuomba kibali kwa wenye rekodi na wenye utunzi. Kukata lupu vipande vidogo na kuvipanga upya hakuondoi haki hizo. Hufanya tu iwe vigumu kumtambua mwenye nazo.

## Tazama pia

* Hip hop
* Singeli
* Taarab
* MIDI
* Hakimiliki